Bei ya fungu haijapanda, fungu ndilo limenywea

Kinachokera kwenye masoko ya Kilombero, Arusha, na Mbuyuni, Moshi, ni hili la "nyanya bado buku", yaani fungu bado shilingi elfu moja. Buku sawa, lakini fungu? Tuseme mwezi uliopita lilikuwa gramu 800, leo gramu 600. Bei ya kilo imetoka shilingi 1,250 hadi karibu 1,667, imepanda kwa theluthi nzima, na kibandani hakuna aliyebadilisha bei. Mkusanya bei, yule anayeandika bei za sokoni kwa ajili ya takwimu, asiye na mizani anafuata nini sokoni? Anunue mafungu matatu kwa wauzaji tofauti, ayapime yote, agawe jumla ya pesa kwa jumla ya kilo. Sado, lile kopo la kupimia, ndiyo balaa zaidi: kuna iliyobonyezwa kitako, kuna ya kujazwa kichuguu, kuna ya kusawazishwa kwa kiganja, na sado ya maharage haina uzito wa sado ya dagaa. Kuandika "sado moja" kwenye fomu ni kuandika hewa.

Halafu redioni wanatangaza mfumuko wa bei umeshuka, mtu anakwenda kugombana na muuza mchele! Ukishuka kutoka asilimia 4 hadi 3, kapu zima la bidhaa bado ni ghali kuliko mwezi kama huu mwaka jana, limepunguza mwendo wa kupanda tu. Mwenye mchele hajakuibia.