Thumni ya mjane

Mwambie kijana wa Lamu aliyeoa juzi kwamba aandike wasia, uone mkewe atakavyokugeukia: "Wamtabiria mume wangu mauti?" Ni uchuro. Mzee wa barazani naye ataongeza lake: mafungu ya mirathi yamo katika Suratun-Nisaa, hayangoji kalamu ya mtu, na pakizuka mzozo kadhi yupo papa hapa mjini. Upande wa pili wako wanaoshikilia kwamba kila wanandoa, hata wenye kitanda na jiko la gesi tu, waende kwa wakili kabla fungate haijaisha.

Wazee niwape haki yao kwanza, maana wanajua zaidi ya wanavyodhaniwa. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, katika kifungu cha 2, inaiacha mali ya Muislamu aliyekufa igawanywe kwa sheria ya Kiislamu, na Katiba ya 2010, ibara ya 170, inamtambua kadhi katika mirathi pale pande zote ni Waislamu na zimekubali kusimama mbele yake. Wasia kwa mrithi haupiti mpaka warithi wenzake waridhie. Kwa asiye mrithi hauvuki thuluthi ya mali. Kwa hiyo bwana anayelipa pesa nzuri atungiwe karatasi ya "mali yangu yote ni ya mke wangu" amenunua karatasi tu.

Lakini kuna swali linalotangulia mafungu, nalo halijibiwi na aya yoyote: mali ya marehemu ni ipi?

Chukua nyumba ya vyumba vitatu kule Wiyoni. Kiwanja kimeandikwa jina la mume. Mawe ya Manda yalinunuliwa kidogo kidogo, mengine kwa mshahara wa mume, mengine kwa mahamri na viazi vya karai anavyouza mke tangu alfajiri. Risiti za mke zimo kwenye mkebe wa biskuti, nyingine zimefifia hata tarehe haisomeki. Tuseme nyumba ina thamani ya shilingi 2,400,000, na mume amefariki ameacha mke, binti mmoja, baba na mama. Kadhi atagawa kwa sehemu 24: binti 12, mama 4, mke 3, baba 4 na ile 1 inayobaki. Mjane ana 300,000. Hiyo ndiyo thumni, sehemu moja ya nane, jina lile lile tulilozoea kuiita senti hamsini.

Watu wakifika hapo huanza kuilaumu thumni. Mimi siilaumu. Kosa limetokea kabla ya kugawa, pale nyumba nzima ilipohesabiwa ya marehemu. Lau wawili hawa wangekuwa na nusu ukurasa unaosema nyumba ni yao nusu kwa nusu, kilichokuwa cha kurithiwa ni 1,200,000 tu. Mjane angeshika nusu yake, kisha thumni ya nusu ile nyingine, 150,000. Jumla 1,350,000. Fungu halikuguswa hata chembe, wala aya haikupindwa, na tofauti ni zaidi ya milioni moja. Niliifanya hesabu hii mara mbili kwa kuwa sikuiamini mara ya kwanza.

Na deni je? Mali ya maiti huanza kwa mazishi, ikafuata madeni, ndipo wasia, ndipo warithi. Mahari iliyobaki kulipwa ni deni la mke juu ya mume, na ilitakiwa itoke kabla ya baba, mama na mtoto kuhesabiwa. Ni wajane wangapi walio na ubavu wa kuitaja matangani, bila shahidi wala maandishi? Wengi husema "nimemsamehe marehemu" kwa sababu watu wanawatazama. Mashine ya boti iliyonunuliwa kwa ubia na rafiki, amana ya mtu iliyowekwa kabatini, pesa alizokopesha shemeji: yote huzikwa na mwenyewe.

Ndiyo maana nasema vijana wanaihitaji karatasi kuliko wazee. Anayekiri haki ya mkewe akiwa na miaka 28, mzima, anacheza mpira jioni, hakuna atakayemshuku. Akikiri yuko kitandani, dripu mkononi na mke pembeni ameshika kalamu, ndugu watasema ameshurutishwa. Hata Mtume (s.a.w.) alionya kwamba Muislamu mwenye kitu cha kuusia asilale siku mbili ila wasia wake umeandikwa. Hakutaja mvi.

Na Lamu si wageni wa hili. Mabwana wa zamani waliowapa mabinti zao nyumba wakati wa kuolewa walikuwa wakipanga mambo yao wakiwa hai, kwa hiba, yaani zawadi, nyumba ikakabidhiwa kweli, ikatoka kwenye mirathi.

Sasa wakili. Kwa karatasi ya kukiri nani ana nini na nani anadai nini, simwoni ana kazi kubwa. Hata kwa wasiokuwa Waislamu, kama wanandoa wengi wa Malindi na Mpeketoni, Sura ya 160 inataka saini na mashahidi wawili. Muhuri wa wakili hautajwi. Ila shahidi asiwe yule aliyeachiwa kitu, na wakumbuke kwamba wasia ulioandikwa ukapera hufutika kwa ndoa. Hao wasiokuwa Waislamu ndio wasia unawafaa zaidi: mmoja asipouandika, mwenzake aliyebaki na watoto hupata vyombo vya nyumbani, na mali iliyosalia huitumia maisha yake tu, haiwi yake.

Kuna mahali hata mimi ningetoa nauli ya kwenda kumwona wakili. Hati ya ardhi yenye majina mawili, kwa mfano: maneno yaliyomo ndiyo yanayoamua kama fungu la aliyekufa linamwendea mwenzake au warithi. Au nyumba bila ardhi, ya zile za Malindi ambazo kuta ni zako na udongo ni wa mtu. Au ndoa ya dini mbili, ambapo hata mahakama ya kwenda inaweza kuwa mzozo. Au mtoto wa nje ambaye nyumbani hajulikani.

Wengine wachukue daftari la watoto, wakate ukurasa, waandike, watie saini na tarehe mbele ya mashahidi wawili wasio na fungu humo. Wakimaliza waangalie na ile fomu ya chama cha akiba ya kumtaja atakayelipwa mwanachama akifa, iliyojazwa kabla ya harusi, maana nyingi bado zina jina la mama. Ukurasa wenyewe uwekwe pale ambapo wote wawili wanajua, na risiti za mawe ya Manda ndani ya bahasha moja nao.