The Go-Betweens: waliinuka au walikwama?
Jiji la Brisbane, Australia, lina daraja linaloitwa Go Between Bridge. Lilifunguliwa mwaka 2010, na jina lake walilipigia kura wananchi. Bendi yenyewe iliyolipa jina, The Go-Betweens, haikuwahi kuingiza wimbo katika 40 bora, Australia wala Uingereza.

Wanaosema ilikwama wana hoja nzito. Robert Forster na Grant McLennan walianza mwaka 1977, wakiwa vijana wa Chuo Kikuu cha Queensland, wakati serikali ya jimbo ikipiga marufuku maandamano ya mitaani. Santuri ya kwanza waliitoa kwa lebo ndogo ya nyumbani, kisha wakahamia London, wakatangatanga kutoka lebo hii hadi ile. Wachambuzi waliwasifu sana, lakini sifa hazilipi kodi ya nyumba. Mwishoni mwa 1989 bendi ikavunjika.

Lakini sikiliza "Cattle and Cane" ya mwaka 1983. McLennan aliutunga London, kwa gitaa la mwanamuziki mwenzake wa Australia, Nick Cave, akikumbuka mashamba ya miwa na treni inayomrudisha nyumbani mtoto wa shule. Hesabu mapigo yake: hayaendi manne manne kama pop tuliyoizoea, yanakwenda kumi na moja. Kila mara unadhani wimbo utajikwaa, na kila mara dramu za Lindy Morrison zinaudaka. Siioni kampuni kubwa ikiuachia wimbo huo utoke hivyo hivyo. Rough Trade, lebo huru, iliuachia, na mwaka 2001 chama cha haki za watunzi, APRA, kiliuweka kati ya nyimbo 30 bora za Australia.

Ningeishia hapo, niseme uhuru ndio uliowajenga, kama si albamu ya sita, "16 Lovers Lane" ya 1988. Hiyo ilirekodiwa Sydney ikapigwa msasa hasa: magitaa yanang'aa, sauti zimepangwa, na baadhi ya ngoma zimepigwa na mashine. Ndiyo wengi wanayoipenda kuliko zote, na mimi ndiyo ninayoirudia zaidi. Siwezi kudai kwamba msasa uliwaharibu. Nyimbo zilishakomaa kwa miaka kumi ya kuhangaika, zikauhimili. Kinachoniuma ni Morrison: mikono iliyobeba yale mapigo kumi na moja ndiyo iliyopishwa kando, mashine ikakaa mahali pake.