Kilo mbili kwa mwezi zinatosha?

Msimu wa harusi ukikaribia, au Januari watu wakishatoka kwenye sikukuu, matangazo mitandaoni huwa ni yaleyale: chai ya kuondoa kitambi, vidonge vya kukata hamu ya kula, kilo 10 ndani ya wiki mbili, unaletewa hadi mlangoni kwa bodaboda. Ukienda kliniki unaambiwa kitu kingine kabisa: punguza nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, badilisha ulaji, fanya mazoezi, vumilia. Katikati yupo mkazi wa Tabata au Mbagala, hapa Dar es Salaam, ambaye nguo zinambana, presha imeanza kupanda, na hajui amsikilize nani. Vidonge na chai ambavyo muuzaji mwenyewe hawezi kukuambia vina nini ndani naviweka kando, maana hivyo ni hatari tu. Ila swali la kupungua haraka au polepole ni halali, na majibu yake si mepesi kama tulivyozoea kuyatoa.

Kwanza tukubaliane kuwa tunazungumzia afya, hata kama wengi huanza kwa ajili ya gauni. Utafiti wa kitaifa wa Demografia na Afya wa mwaka 2015/16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene, na mijini hali ilikuwa kubwa kuliko vijijini. Miaka michache kabla ya hapo, mwaka 2012, utafiti mwingine wa kitaifa ulikadiria kuwa watu wazima 9 katika kila 100 wana kisukari. Dar es Salaam kila mtu ana shangazi anayejitoboa kidole kupima sukari kabla ya chai.

Wanaotetea mwendo wa polepole wana ushahidi mzito. Anayepungua kwa kasi kubwa, zaidi ya kilo moja na nusu kwa wiki, anajiweka katika hatari ya kupata mawe kwenye kibofu cha nyongo, na sehemu ya kilo anazozishangilia ni misuli wala si mafuta. Ushahidi mkubwa zaidi ulitoka Marekani mwaka 2002. Watu zaidi ya 3,000 waliokuwa wakielekea kwenye kisukari aina ya pili waligawanywa katika makundi. Kundi moja liliwekewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki. Katika kundi hilo, wagonjwa wapya wa kisukari walipungua kwa asilimia 58 wakilinganishwa na wale ambao hawakupata mpango wala dawa. Katika kundi lililopewa metformini, dawa ya kisukari, wagonjwa wapya walipungua kwa asilimia 31. Asilimia 7 kwa mtu wa kilo 90 ni kilo sita na ushei. Bado atakuwa mnene machoni pa majirani, hatapata picha za kabla na baada za kuweka mtandaoni, lakini mwili wake utakuwa umepata nafuu kubwa. Na hata miaka kumi baadaye, wakati wengi walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya kilo, kundi lile bado lilikuwa na wagonjwa wachache zaidi wa kisukari.

Sasa upande wa pili, ambao kliniki nyingi hawautaji. Tumeambiwa miaka yote kwamba kilo zinazotoka haraka hurudi haraka, na zinazotoka taratibu hukaa huko zilikokwenda. Mwaka 2014 watafiti wa Melbourne, Australia, walilipima jambo hili kwa watu 200 wanene. Nusu walipewa wiki 12 za mlo mkali, nusu wakapewa wiki 36 za kupunguza kidogokidogo. Katika kundi la haraka, 81 kati ya kila 100 walifikia lengo. Katika kundi la polepole ni nusu tu. Kisha wote waliofaulu wakafuatiliwa kwa karibu miaka mitatu, na makundi yote mawili yakarudisha kiasi kilekile: asilimia 71 hivi ya kilo walizopoteza. Kwa hiyo kasi haikuwa na tofauti katika kuhifadhi matokeo, na wale wa haraka angalau walifika.

Uingereza nako, mwaka 2017, wagonjwa wa kisukari aina ya pili waliwekwa kwenye mlo wa kalori 850 hivi kwa siku, kwa miezi mitatu hadi mitano, chini ya usimamizi. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 46 walikuwa na sukari ya kawaida bila dawa; baada ya miaka miwili walikuwa asilimia 36. Wamepungua njiani, lakini theluthi ya wagonjwa kuishi miaka miwili bila dawa ya kisukari ni habari njema ambayo hakuna daktari anayepaswa kuipuuza kwa sababu tu haikufuata mwendo wa polepole.

Hapa naona hoja ya wanaoharakisha ina uzito wa kibinadamu pia. Mtu akijinyima mwezi mzima, akapanda kwenye mizani ya dukani akakuta kilo moja na nusu tu imetoka, moyo huvunjika. Anayeona mabadiliko mapema hupata nguvu ya kuendelea. Tusimwite mvivu wala mjinga anayetaka matokeo ya kuonekana.

Pamoja na hayo, kwa mkazi wa kawaida wa jiji hili mimi nasimama na polepole, ila kwa sababu tofauti na ile tuliyorithi. Wale wa Melbourne na Uingereza walipewa unga maalumu wa kunywa, wataalamu wa lishe, na mtu wa kuwafuatilia. Huku kwetu mlo mkali maana yake ni tango, maji ya ndimu na njaa, na siku ya 15 unarudi kwenye sufuria ileile ya nyumbani bila kujifunza chochote kuihusu. Anayekwenda polepole analazimika kula kwenye sufuria hiyo tangu siku ya kwanza, akijua apunguze wapi. Kilo mbili kwa mwezi zinatosha ikiwa alichobadilisha anaweza kuendelea nacho baada ya mwaka mmoja.

Na cha kubadilisha kiko wazi. Simama saa saba mchana kwenye banda la mama lishe Posta au Buguruni uangalie sahani inavyopakuliwa. Wali unafinyangwa kuwa kilima, maharage ya nazi yanamwagwa juu, kipande cha samaki aliyekaangwa, mchuzi wenye mafuta yanayoelea, na pembeni kabisa mchicha wa vidole viwili. Anayeomba wali kidogo anatazamwa kana kwamba anaumwa. Sahani hiyohiyo ikigeuzwa, mchicha au matembele yakachukua nusu, maharage robo, wali robo, bei haipandi sana na mtu anashiba, kwa sababu maharage na mboga vinakaa tumboni muda mrefu. Akina mama lishe ninaowajua hawana kinyongo na ombi hilo. Wanachohofia ni mteja kusema amepunjwa.

Mafuta ndiyo yanayotuponza zaidi, hata kuliko wali. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kalori kama 120. Chapati moja ya kusukuma inapata mafuta wakati wa kukanda, inapakwa tena inapokunjwa, na inamwagiwa mengine kwenye kikaango, upande huu na upande ule. Ukishaila, nusu saa nzima ya kutembea kwa haraka inalipa kijiko kimoja tu cha hayo mafuta. Unga wenyewe bado. Chipsi mayai nayo ni viazi vilivyokwisha kukaangwa vinavyokaangwa tena ndani ya mayai. Halafu sukari: vijiko vitatu kwa kikombe, vikombe vitatu kwa siku, ni gramu 36, wakati Shirika la Afya Duniani linasema kubaki chini ya gramu 25 hivi kuna faida zaidi. Ukipunguza kijiko kimoja kila baada ya wiki mbili ulimi hauna habari. Kwa hesabu ya karatasi, sukari hiyo peke yake ni zaidi ya nusu kilo ya mafuta ya mwili kwa mwezi, ingawa mwili haufuati hesabu za karatasi kwa uaminifu. Kadiri unavyopungua ndivyo unavyobana matumizi yake.

Kuhusu idadi ya milo, Profesa Mohamed Janabi, aliyekuwa Mkurugenzi Mtendaji wa Hospitali ya Taifa Muhimbili, alilitikisa jiji kwa kuhoji milo mitatu ya kila siku na kuhimiza watu wapunguze wanga na sukari. Kuna waliomshukuru na kuna waliouliza kama mbeba mizigo wa Kariakoo naye aache kunywa chai. Naona wote wana haki. Karani anayeketi kuanzia asubuhi hadi jioni anaweza kuacha mlo mmoja bila madhara, na Waislamu wanajua tangu utotoni kuwa mwili unastahimili mchana bila chakula. Wanajua pia kwamba futari ikiwa ya kaimati, viazi, tambi za sukari na uji mtamu, mtu anaweza kumaliza Ramadhani amenenepa. Saa za kula zina nafasi yake, ila kilichomo ndani ya sahani kina nafasi kubwa zaidi.

Nikija kwenye mazoezi, hapa tunajidanganya kwa nia njema. Jumamosi na Jumapili alfajiri vikundi vya jogingi vinapita kwa nyimbo na fulana za rangi moja, wengine wanakwenda Coco Beach au kwenye Daraja la Tanzanite. Ni jambo la kupendeza kuliona, na urafiki wake una thamani. Kisha saa mbili asubuhi kikundi kizima kinaketi kwenye supu ya kongoro na chapati mbilimbili, kwa imani kuwa mbio zimeshalipia. Hazijalipia. Ushahidi wenyewe umetoka nchini kwetu: mwaka 2012 mtafiti Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi, wawindaji wanaotembea kilomita nyingi kila siku. Baada ya kuzingatia ukubwa wa miili, nishati waliyotumia kwa siku haikutofautiana na ya watu wa Marekani na Ulaya. Mwili unaofanya kazi nyingi hujua kubana kwingineko.

Kuna wanaochukua matokeo hayo na kusema basi mazoezi ni bure. Hilo nalikataa kabisa. Mazoezi hushusha presha, husaidia misuli kutumia sukari, hulinda misuli isiliwe wakati wa kupungua, na huleta usingizi. Pia ndiyo yanayosaidia kilo zisirudi: Marekani kuna daftari la watu waliopunguza uzito na kuhifadhi matokeo, lililoanzishwa mwaka 1994, na wengi wao hujishughulisha takriban saa moja kila siku. Chakula ndicho kinachopunguza kilo, mazoezi yanazizuia kurudi. Kwa hiyo dakika 30 siku tano za wiki, hata kwa kushuka kituo kimoja kabla, zinamfaa mtu kuliko saa tatu za Jumapili.

Lakini ashukie wapi? Mwishoni mwa 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo. Wito ulikuwa mzuri, ila mwili unahitaji njia ya kupita siku zile nyingine zote. Barabara ya Morogoro ilipojengewa mwendokasi ilipata pia njia za waenda kwa miguu na baiskeli, na faida yake inaonekana, japo sehemu nyingine bodaboda na meza za biashara zimeshahamia humo. Ndani ya mitaa hali ni mbaya zaidi: mtaro wazi upande mmoja, bajaji upande mwingine, giza saa kumi na moja alfajiri. Mwanamke anayeogopa kutoka saa hiyo ana sababu. Ndiyo maana simkubalii anayesema unene ni uzembe wa mtu binafsi tu, ingawa namkubalia kwamba hakuna manispaa itakayokuja kupunguza mafuta kwenye kikaango chetu.

Wapo ambao njia ya polepole peke yake haiwatoshi: wenye kisukari ambacho hakijakaa miaka mingi, au wenye uzito mkubwa unaoharibu magoti na pumzi. Hao wana haki ya kumuuliza daktari kuhusu mlo mkali wa muda maalumu. Wasiuanze wenyewe, anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari akikata chakula ghafla bila kurekebishiwa dozi anaweza kuanguka. Mjamzito asijaribu kabisa. Na kliniki nazo zisiishie kumpa mgonjwa karatasi ya vyakula vinavyokatazwa na tarehe ya dawa. Wagonjwa wale wa Uingereza waliendelea kuonana na mtu aliyewapima na kuwauliza maendeleo muda mrefu baada ya mlo mkali kwisha. Muuguzi, mizani na futi ya kupima kiuno vipo katika vituo vyetu vingi. Kinachokosekana ni miadi ya mwezi wa tano na wa kumi tangu mgonjwa aanze, wakati ameshaanza kuchoka.