Ngazi Tatu za Vigae

Duka lililo karibu na ninapoishi hapa Toronto lina ngazi moja mlangoni. Moja tu, ya sentimita 15 hivi. Mwenye miguu yake wala haioni. Ukimwuliza akishatoka atakuapia kwamba hakupanda kitu. Mimi natumia kiti mwendo, na miaka miwili ya mwanzo duka lile nililijua kwa kioo chake: tangazo la bahati nasibu, ndoo za maua, na paka wa mwenye duka kajilaza juu ya magazeti.

Nalisema hili kwa sababu kila nikipiga simu nyumbani Temeke, Dar es Salaam, naambiwa, "Wewe huko umepona, kila mahali wamekuwekea njia." Sijapona. Benki naingia, maktaba naingia, supamaketi kubwa milango inajifungua nikiwa bado niko mbali. Basi la jiji linashusha ubao wake na dereva anasubiri mpaka nifunge breki, hakuna konda wa kunipigia kelele. Lakini kwenye maduka madogo, pale pa kukimbilia mkate saa nne usiku, au kinyozi, au fundi viatu, hali ni nyingine kabisa. Pita mtaa kama Queen Street uangalie chini badala ya kuangalia vioo. Majengo ya matofali ya zamani yamepangana bega kwa bega, na mlango baada ya mlango una kingazi chake.

Jimbo la Ontario lilipitisha sheria mwaka 2005 likaahidi kwamba ikifika 2025 kila mahali patafikika na watu wenye ulemavu. 2025 imekuja na kupita, kingazi kipo. Kanuni za ujenzi zinambana anayejenga jengo jipya au anayekarabati pakubwa. Aliyerithi duka na akakaa kimya, naye anaachwa akae kimya.

Kilichoniingiza dukani ni ubao. Kuna mhandisi wa hapa, Luke Anderson, aliyeanza kutumia kiti mwendo baada ya kuanguka na baiskeli. Mwaka 2011 yeye na wenzake walianzisha mpango unaoitwa StopGap: mbao za kuchangisha, watu wa kujitolea, na rangi kali ambayo huwezi kupita bila kuiona. Mwenye duka anautandika ubao mlangoni asubuhi, jioni anauingiza ndani. Mwenyewe ukiupima utaona ni mkali kuliko kanuni. Kanuni inataka kila sentimita moja ya kupanda ipewe 12 za urefu, maana yake ngazi ya sentimita 15 inadai mteremko wa mita 1.8, nao ungemeza nusu ya njia ya wapita kwa miguu. Basi wanaweka mfupi, unakaza mikono, unapanda.

Siku ya kwanza nilikaa mle ndani karibu nusu saa. Nikasoma maandishi ya nyuma ya pakiti za biskuti. Nikashika nyanya, nikazirudisha. Nikatoka bila kununua chochote, na mwenye duka hakuniuliza neno. Raha ile sijui niieleze vipi kwa mtu anayeingia na kutoka madukani tangu azaliwe.

Sasa niende nyumbani, na hapa najua baadhi yenu mtaninunia.

Nimekulia kwenye duka la Mangi, ndivyo tunavyomwita muuza duka wa mtaani. Duka la Mangi halina shida ya ngazi kwa sababu haliingiwi. Profesa, mlevi, mama mwenye nyumba na mtoto aliyetumwa chumvi ya mia mbili wote wanasimama nje ya nondo na kusema wanachotaka. Dirisha liko juu, ni kweli. Kutoka kwenye kiti nilikuwa namwona Mangi kuanzia kidevuni. Ila Mangi kazoea kuinama kwa ajili ya watoto wanaotumwa, kwa hiyo na mimi aliniinamia, wala hakuliona ni jambo. Shida ilikuwa mtaro wa mbele, ambao ukishindwa kuuvuka unaagiza kutoka upande wa pili wa maji machafu, kwa sauti.

Na kuagiza kwa sauti kuna gharama zake. Nikiwa na miaka 14 nilipaza, "Mangi, nipe pedi!" Vijana wa bodaboda wamejaa kwenye benchi. Mangi naye, kwa roho safi kabisa, akanijibu kwa sauti ileile: "Kubwa au ndogo?" Alizifunga kwenye gazeti vizuri, kana kwamba bado kulikuwa na siri ya kufunga.

Hata hivyo, lile dirisha lilikuwa na usawa wake: hakuna aliyeingia.

Nilipokwenda likizo mara ya mwisho nilikuta mambo yamebadilika. Pembeni mwa Mangi pameota minisupamaketi. Rafu ndefu, friji za vioo, feni, kikapu unachukua mwenyewe. Mlangoni, ngazi tatu za vigae vinavyong'aa. Wenzangu wote wakawa wanaingia kujichagulia, na mimi nikabaki chini na bodaboda. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu mtaani kwetu kukawa na duka la wao na si la mimi.

Msije mkasema watu wabaya. Mlinzi aliniona akaita, wakaja wanaume wanne mbio, "Dada, ngoja tukubebe," na kabla sijafungua mdomo niko hewani. Mmoja alishika kiegemeo cha mkono. Kiegemeo kile kinachomolewa, ndivyo kilivyotengenezwa, kikamtoka na kubaki mkononi mwake, na kiti kikalala upande. Sikuanguka. Lakini watu wazima wanne walinitazama kama wameua. Hapa Toronto niliwahi kukwama kwenye theluji, mtu akasimama hatua tatu mbali akaniuliza kama nahitaji msaada, kisha akasubiri jibu. Zamani niliuona ule ni ubaridi wa Wazungu. Siku hizi nimeanza kuupenda, ingawa kuna majira ya baridi nimepita barabara nzima bila mtu kuniuliza chochote, na siku hizo nawakumbuka wale wanne.

Siku ya pili mwenye minisupamaketi alinitumia kijana. "Shikamoo dada, sema unachotaka, nitakuletea." Akaleta sabuni aina tatu mikononi nichague. Ni wema huo, siubezi. Ila mimi nilitaka kuona ya nne.

Fundi aliyejenga nilimpata kwa sababu bado anajenga mtaa huo huo. "Ni maji, dada. Masika yakija, sakafu ikiwa chini, sukari na unga vinaelea." Hajakosea, mtaa wetu tunaujua. Lakini msingi kuinuka hakulazimishi ngazi. Sentimita 45 zinataka mteremko wa mita 5 na nusu, na ubavuni mwa jengo, sambamba na ukuta, nafasi hiyo ipo. Wakati tunaongea, vijana wa soda walikuwa wanapandisha makreti begani, moja moja, guta limebaki chini. Nilimwonyesha. Akacheka, akasema kweli.

Na hiki ndicho kinachoniuma nikilinganisha. Toronto wanajitetea kwa uzee wa majengo: yalijengwa kabla wazazi wao hawajazaliwa, kuta ni za watu wengine, njia ni ya jiji. Sisi jengo lina mwaka mmoja. Mkataba wa kimataifa wa haki za watu wenye ulemavu Tanzania iliuridhia 2009, miezi minne mbele ya Kanada. Sheria yetu ya watu wenye ulemavu ni ya 2010. Mabasi ya Mwendokasi yalipoanza Dar es Salaam 2016 tulionyesha kwamba tunaweza, kituo kina mteremko na unaingia kwenye basi bila kupanda. Kisha unashuka, unakwenda dukani, unakuta vigae. Tunamwaga leo, kwa hela yetu, zege lile lile ambalo wenzetu wanalizungushia mbao za kuchangisha.

Kiwanja kinachofuata baada ya minisupamaketi kinajengwa fremu nne za maduka, fundi ni yule yule. Leo asubuhi kaka yangu kanitumia picha: msingi umeinuka, na mbele fundi ameshapanga mbao za kukingia ngazi, tatu kama kawaida. Zege linamwagwa Jumamosi. Nimemwomba kaka aende kesho mapema, aende na futi ya kupimia.