Tathmini ije kabla ya katapila

Kila yanapotajwa mabilioni yaliyotumika kuwalea vyura wa Kihansi, kicheko hufuata. Chura? Nchi ina upungufu wa madawati na dawa, halafu fedha ziende kwa chura? Wanaouliza hivyo nawaelewa kabisa. Ila hasira yao naona inamwangukia asiye na kosa.

Chura yule hafiki hata sentimita tatu. Makazi yake yote duniani yalikuwa eneo la takriban hekta mbili tu kwenye korongo la Mto Kihansi, katika milima ya Udzungwa, mahali palipolowa rasharasha za maporomoko usiku na mchana. Hatagi mayai kama wenzake, huzaa vitoto vilivyokwisha kukamilika. Wanasayansi walimgundua mwaka 1996, ujenzi wa bwawa la umeme ukiwa umeshaanza. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya megawati 180, rasharasha zikakatika, na gharama zikaanza hapo: mabomba ya kunyunyizia maji korongoni, vyura karibu 500 kusafirishwa kwa ndege hadi Marekani, maabara ya kuwalea Dar es Salaam. Ugonjwa wa kuvu nao ukaingia. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini, na mwaka 2012 akaanza kurudishwa.

Mabilioni yale yalitokana na kuchelewa kwa tathmini ya athari kwa mazingira, yaani uchunguzi wa madhara ambayo mradi utaleta. Kama korongo lingechunguzwa vizuri kabla mchoro haujapitishwa, suala la kiasi cha maji ya kuachiwa mto lingemalizwa mezani.

Ziwa Natron lilipata bahati ambayo Kihansi haikuipata. Kampuni ya Tata Chemicals ya India na Shirika la Maendeleo la Taifa walikusudia kujenga kiwanda cha kuzalisha tani 500,000 za magadi kwa mwaka. Takriban robo tatu ya heroe wadogo wote duniani, hawa ambao wengi tunawaita flamingo, huzaliwa kwenye ziwa hilo. Mwaka 2007 tathmini ya mradi ilitolewa, wahifadhi wa ndani na nje wakaichambua na kuipinga, na mwaka 2008 kampuni hiyo ikajitoa. Baadaye shirika likageukia magadi ya eneo jingine, Engaruka. Huko nako kuna maswali yake, lakini angalau si kwenye viota.

Mimi nikishika ripoti ya tathmini, kitu cha kwanza ninachotafuta ni tarehe za kazi ya uwandani. Heroe hawazalishi kila mwaka. Hujenga viota vya tope vilivyoinuka kama vichuguu, katikati ya ziwa, kila kimoja na yai lake moja, na tope lenye magadi makali huwazuia fisi na mbweha kuwafikia. Maji yakizidi, viota huzama. Yakipungua mno, wanyama hao hupata njia ya kupita. Mtaalamu akifika wiki mbili za msimu usiofaa atakuta tambarare nyeupe tupu, aandike kwamba ndege hawakuonekana. Atakuwa amesema kweli, na ripoti yake itakuwa haifai kitu.

Kisha natafuta maji baridi. Kiwanda kitayatoa wapi? Heroe hao hao, mifugo ya Wamaasai na watu wa vijiji vya Natron wote wanategemea mito na chemchemi chache zinazoshuka ziwani. Sura ya maji ikiwa na kurasa mbili na sura ya ajira kurasa thelathini, najua ripoti iliandikwa kumfurahisha nani.

Ajira sizidharau. Kijana asiye na kazi ana haki ya kukiuliza kiwanda kitampa nini. Lakini ana haki pia ya kuelezwa kwa Kiswahili chepesi, mapema, ni nini kitapotea, badala ya kuitwa kwenye mkutano wa hadhara kusomewa mambo yaliyokwisha kuamuliwa.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka tathmini ifanyike kabla mradi haujaanza. Haisemi wakati mradi unaendelea. Kwa hiyo mwekezaji anayeleta ripoti mezani huku barabara ya kwenda eneo la mradi imeshachongwa, arudishwe na ripoti yake, hata kama imeandikwa vizuri kiasi gani.