Mguu Ulipona, Tukamrudisha Barabarani

Barua ile niliichapa mimi. Nilikuwa ofisa rasilimali watu katika kampuni ya malori hapa Dar es Salaam, na meneja wa usafirishaji alitaka dereva mmoja ajieleze kwa maandishi, ndani ya saa 48, kwa nini aliegesha gari Ruaha Mbuyuni likiwa na mzigo wa Lubumbashi na akakataa kuendelea na safari. Niliandika "kukaidi amri halali ya mwajiri", nikapiga muhuri. Sikumpigia hata simu kwanza.

Dereva huyo alikuwa ametoka likizo ya ugonjwa wiki ile ile. Miezi mitano nyuma gari lake lilikosa breki akiteremka mlima Kitonga. Yeye alivunjika mguu, utingo wake akafariki. Mguu ulihudumiwa vizuri. Alipasuliwa, akawekewa vyuma, akapelekwa mazoezi ya viungo, na fomu za Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi zikajazwa kwa wakati. Kisha daktari wa mifupa akaandika mstari mmoja kwamba anaweza kurudi kazini. Jumatatu akaripoti, tukampa pole na kumkaribisha. Jumatano akakabidhiwa gari na utingo mpya.

Kwa asiyeijua njia ile: ukishafika Ruaha Mbuyuni ukielekea Iringa, kinachofuata ni Kitonga, na hapo huna tena pa kuchepukia.

Alipokuja ofisini kujieleza alikaa ukingoni mwa kiti, kofia mkononi. Akaniambia, "Dada, nikifika pale mikono inakataa. Na usiku silali, namsikia yule kijana." Nikamuuliza kama alimweleza daktari. Akasema, "Daktari aliniuliza mguu."

Jibu hilo nimekaa nalo miaka mingi, kwa sababu ukilichunguza huoni mtu aliyezembea. Daktari wa mifupa aliuliza mguu kwa kuwa mguu ndio alioletewa. Sisi ofisini tuliuliza karatasi kwa kuwa faili linataka karatasi. Mkewe alijua kwamba mumewe anaamka usiku akipiga kelele, lakini nani alimuuliza? Habari zote zilizohitajika zilikuwapo, zimetawanyika kwa watu wanne ambao hawakuwahi kuzungumza. Tulichofanya ni kumwachia mgonjwa mwenyewe kazi ya kuziunganisha. Mtu ambaye usingizi umemkimbia, au ambaye sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, imemfanya aone kuamka kitandani ni mlima, huyo ndiye tunayemgeuza tarishi kati ya hospitali na bosi wake. Tena tunamtaka aeleze kwa ufasaha kitu ambacho yeye mwenyewe hajakielewa.

Ndiyo maana nasema kwamba kumrudisha mtu kazini baada ya likizo ndefu ya ugonjwa ni sehemu ya matibabu, na inahitaji mtu mmoja mwenye jina na namba ya simu ambaye kazi yake ni kuhakikisha pande zote zinaongea.

Sheria yetu imefika nusu ya njia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Siku ya 64 mshahara unakatika nusu, na mwenye nyumba hapunguzi kodi. Nimeona watu wakirudi siku hiyo hiyo, wamepona au hawajapona. Kwa mguu, wiki tisa zinaweza kutosha. Kwa sonona, dawa peke yake huchukua wiki kadhaa kuanza kufanya kazi, na hapo tayari umepoteza muda wa kutafuta maana ya ugonjwa, kuombewa, kupimwa malaria na typhoid, mpaka unapofika kwa daktari wa magonjwa ya akili.

Zipo pia Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Namba 42 la mwaka 2007. Zinamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya ugonjwa, achunguze ukubwa wa tatizo, ashauriane naye, na atafute njia nyingine, kwa mfano kumrekebishia kazi au kumpa kazi tofauti. Ni kanuni nzuri. Shida yangu ni kwamba maofisini tunazifungua siku tunayotaka kumwondoa mtu, tukihofia kushtakiwa CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayosikiliza migogoro ya kazi. Mazungumzo hayo hayo yangefanyika wiki moja kabla hajarudi, wengi wasingefika kwenye kuondolewa.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa afya ya akili kazini Septemba 2022, na limekadiria kwamba sonona na wasiwasi huigharimu dunia siku bilioni 12 za kazi kila mwaka. Kwa wanaorudi kutoka likizo, mwongozo huo unapendekeza tiba ya kitaalamu iende pamoja na marekebisho ya kazi yenyewe. Hilo neno "pamoja" ndilo tulilolikosa kwa dereva wetu.

Uholanzi wameliweka kwenye sheria tangu 2002. Mfanyakazi akiugua muda mrefu, daktari wa kazi anatakiwa kuandika tathmini kufikia wiki ya sita, mwajiri na mfanyakazi wanapanga kwa maandishi kufikia wiki ya nane, kisha wanakutana kila baada ya wiki sita kuangalia mpango unaendaje. Wakati huo mwajiri anaendelea kulipa angalau asilimia 70 ya mshahara hadi miaka miwili. Fedha hizo waajiri wetu wengi hawana, nakubali. Lakini kukutana kila wiki sita kunagharimu nini? Viti na saa moja.

Najua kinachowatisha wafanyakazi, na wana haki. Mtu akijulikana amekwenda kliniki ya akili, kesho yake anaitwa "wa Mirembe", yaani wa hospitali ya magonjwa ya akili ya Dodoma, kwenye foleni ya chakula. Kwa hiyo nasisitiza: mwajiri hahitaji jina la ugonjwa. Anahitaji kujua mtu huyu afanye nini na asifanye nini, kwa muda gani. Anaweza kuendesha masafa marefu? Afanye shifti ya usiku? Hili kwa mwenye ugonjwa wa hisia mseto (bipolar) si jambo dogo, maana kukosa usingizi peke yake kunaweza kumrudisha wodini. Dawa zinamletea usingizi asubuhi? Kliniki yake ni siku gani? Karatasi ya ED tunayoizoea, ya kusema apumzike siku kadhaa kisha arudi, haijibu hata swali moja kati ya hayo. Na yote yafanyike kwa ridhaa yake ya maandishi, akijua nani atasoma nini.

Baadaye nilihamia kwa mwajiri mwingine, na huko mhasibu msaidizi, binti mdogo, aliugua sonona. Alipokaribia kurudi nilimwomba ruhusa nimpigie daktari wake. Alifikiria siku mbili, akakubali. Nilikuwa na orodha ya maswali, lakini daktari aliniwahi: "Kwenu kazi inaanza saa ngapi?" Nikamjibu saa mbili. Akasema dawa anayotumia usiku itamfanya awe mzito saa hizo, hivyo atamwambia aimeze mapema zaidi jioni, nasi tumruhusu kuingia saa nne kwa mwezi wa kwanza. Siku ya kliniki tukaiweka kwenye ratiba kama tunavyoweka kikao. Wiki ya tatu, wakati wa kufunga hesabu za mwezi, alianza kulia chooni. Tulilijua kwa sababu tulikuwa na kikao naye Ijumaa ile, naye akasema. Kazi ya kufunga hesabu akapewa mwenzake mwezi huo na uliofuata, kisha akairudia mwenyewe.

Simu ile ilichukua dakika kumi na mbili.

Dereva hakusubiri kikao cha nidhamu. Aliandika barua ya kuacha kazi, nikaipokea, nikaifaili. Mwaka jana nilimtafuta nimwombe msamaha, na pia nimwombe ruhusa ya kuandika haya. Ana duka la vipuri vya pikipiki, watoto wanasoma. Aliongea nami kwa upole kuliko nilivyostahili. Tukiwa tunaagana alinieleza kwamba mama yake alifariki Njombe, naye akaenda kumzika kwa kuzungukia Dodoma na Mtera, akafika kaburi limeshafukiwa.