Joto Si Kipimo cha Mionzi ya Jua

Wengi wetu hupima ukali wa jua kwa joto tunalolihisi mwilini. Jua likichoma tunatafuta kivuli, lakini upepo ukivuma au wingu jepesi likitanda tunashinda nje kichwa wazi, tukiamini kwamba siku hiyo hakuna hatari. Kwa maoni yangu, mazoea hayo yanatuponza. Mionzi ya urujuanimno, ambayo ndiyo chanzo kikuu cha saratani ya ngozi, haionekani kwa macho wala haihisiwi kama joto. Sehemu kubwa yake hupenya wingu jepesi, nguvu yake huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 mtu anazopanda mlimani, na theluji mpya huweza kurudisha hadi asilimia 80 yake usoni mwa mtu anayetetemeka kwa baridi.

Mionzi hiyo huharibu vinasaba ndani ya seli za ngozi. Mwili hurekebisha sehemu kubwa ya uharibifu huo, lakini unaosalia hujilimbikiza mwaka hadi mwaka tangu utotoni, na ndiyo sababu naona kumwacha mtoto acheze juani saa sita mchana bila kofia ni jambo zito kuliko tunavyolichukulia.

Tufanye nini basi? Kipo kipimo rahisi kisichohitaji kifaa chochote: kivuli chako kikiwa kifupi kuliko kimo chako, mionzi ni mikali, nawe unapaswa kujikinga.

Siyapingi mafuta ya kujikinga na jua, ila nasikitika kuona yakitajwa kwanza, kana kwamba mavazi ni nyongeza tu. Mafuta yenye SPF 30, yaani kiwango cha kinga kinachoandikwa kwenye chupa, huzuia takriban asilimia 97 ya mionzi ya UVB, ile aina ya urujuanimno inayounguza ngozi, lakini hapo ni pale yanapopakwa ya kutosha, na mtu mzima anahitaji karibu mililita 30 kwa mwili mzima, kisha ayarudie kila baada ya saa mbili. Nani hufanya hivyo? Tunajipaka kidogo usoni, tukisahau masikio, kisogo, midomo na migongo ya miguu. Shati la mikono mirefu lililofumwa vizuri halisahau sehemu yoyote linayoifunika, wala halifutwi na jasho. Australia ilipoanzisha kampeni yake maarufu ya kujikinga na jua mwaka 1981, shati lilitangulia, yakafuata mafuta, kisha kofia. Naamini mpangilio huo ulikuwa sahihi.

Ngozi nyeusi ina melanini nyingi, yaani rangi ya asili ya ngozi, inayoikinga kwa kiasi, ingawa haiifanyi salama kabisa. Mtu mwenye ualbino hana kinga hiyo ya kutosha, hivyo kwake mafuta ni dawa na hayapaswi kuhesabiwa miongoni mwa vipodozi. Mwajiri anayempangia kazi ya juani mchana, hali angeweza kumpangia asubuhi na mapema au chini ya paa, anamweka katika hatari inayoepukika.